Kuwafundisha wanafunzi kutuliza pumzi: niliyojifunza baada ya kukosea muhula mzima

Mwalimu wa Zamu:

Ndugu zangu walimu na wazazi, salaam.

Ninafundisha Hisabati katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania Bara, na darasa langu la tano lina wanafunzi 94. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiwafundisha watoto kupumua kwa utulivu na kurudisha akili mahali walipo, jambo ambalo baadhi ya wataalamu wetu huliita uzingativu. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu ninaona wengine wanalisifu kana kwamba ni dawa ya kila kitu na wengine wanalibeza kuwa ni mambo ya kuiga, na pande zote mbili hazigusi swali lililoniangusha mimi: mtoto ataitulizaje pumzi yake mbele ya mtu anayemwogopa?

Nianze na mwanafunzi mmoja. Nje ya darasa yeye ndiye aliyetegemewa kuhesabu katika mchezo wa rede, na wenzake walikuwa hawabishani na hesabu yake. Siku ya jaribio karatasi yake ilirudi tupu, ikiwa na jina, tarehe, na doa la unyevu upande wa kulia, pale kiganja chake kilipokuwa kimelala kwa dakika 40. Nilipopita karibu na dawati lake nilimsikia akihema juu juu, mabega yakipanda na kushuka kama mtoto aliyetoka kwenye mchakamchaka. Nikamwuliza kwa mdomo, saba mara nane ni ngapi, naye akanitazama mkono badala ya kunitazama usoni. Mkononi nilikuwa na fimbo. Sikumchapa siku hiyo, wala sikuwa na nia ya kumchapa. Nilikuwa nimeishika tu, kama walimu wengi tunavyoishika.

Kilichompata hakikuwa ujinga wala ukaidi. Mwili ukihisi hatari hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, misuli hukaza, viganja hutoa jasho, na pumzi hupanda kutoka tumboni hadi kifuani, ikawa fupi na ya haraka. Katika hali hiyo ubongo hautafuti jibu la saba mara nane, unatafuta pa kutokea. Mapigo ya moyo hatuwezi kuyaamuru, na jasho halisikii la mtu, lakini pumzi ina tabia mbili: hujiendesha yenyewe tukiwa usingizini, na pia hututii tukiamua kuiongoza. Tunapoivuta, mapigo ya moyo huongezeka kidogo, na tunapoitoa hupungua, kwa kazi ya mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka kwenye shina la ubongo, ukapita shingoni na kufika moyoni, mapafuni na tumboni. Kwa hiyo anayerefusha kutoa kuliko kuvuta anaupa moyo wake nafasi ndefu zaidi ya kwenda taratibu. Kiswahili chetu kilikwishaliona hili, kwa maana mtu aliyeondokewa na hofu husemwa kwamba ameshusha pumzi, hasemwi kwamba ameivuta. Hata hivyo sisi watu wazima tukimkuta mtoto analia humwambia avute pumzi nyingi, naye huinua mabega, hujaza kifua, na hofu inabaki palepale.

Baada ya kusoma hayo nikaamua kufundisha. Nilijaribu mwenyewe kwa siku tatu, nikaona inatosha. Niliingia darasani baada ya mapumziko, nikaweka fimbo mezani, nikawaamuru wote wafumbe macho, wavute pumzi kwa hesabu ya nne, waizuie kwa hesabu ya nne, kisha waitoe. Watoto 94 walitii, kama wanavyotii kila kitu. Niliona kope zikichezacheza na wengi wakichungulia kwa chini. Mvulana mmoja wa dawati la mbele hakufumba kabisa, na nilipomwuliza sababu alinijibu kwa adabu: “Mwalimu, nikifumba sitaona ukija.”

Ningepaswa kuacha siku ile ile. Sikuacha, nikaendelea muhula mzima, na nikaongeza kosa kubwa zaidi: waliopiga kelele niliwatoa mbele wakae wakipumua mpaka watulie. Kufikia mwisho wa muhula neno “tupumue” lilikuwa linawafanya wanyooshe migongo kama wanaokaguliwa kucha. Nilikuwa nimechukua kitu cha kumtuliza mtoto nikakigeuza adhabu nyingine.

Likizo hiyo nililifikiria sana jibu la yule mvulana. Sheria yetu bado inaruhusu viboko, lakini kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Mwalimu anayeingia na fimbo katika kila kipindi kama anavyoingia na chaki hana kanuni ya kumkinga. Muhula ulipofunguliwa niliiacha ofisini, nikawaambia watoto kwamba sitakuja nayo tena, na sikuwaomba wapumue. Ilichukua karibu mwezi mzima ndipo macho yao yakaacha kunitazama mikono nilipokuwa nikipita kati ya madawati. Hapo ndipo nilipoanza upya.

Nilianza na masikio badala ya pumzi. Kengele ya shule yetu ni ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, na hugongwa kwa kipande cha nondo. Niliwaambia kwamba ikigongwa ya kurudi darasani, kila mmoja asikilize mlio wake mpaka uishe kabisa masikioni mwake, kisha anyooshe mkono. Mikono haikunyooka kwa pamoja. Wa kwanza walinyoosha upesi, wengine wakakawia, na wasichana wawili wa nyuma walikawia hata nikadhani wamesahau. Nikauliza kilichosikika baada ya ringi kunyamaza. Walitaja fagio uwanjani, kuku wa jirani, na mmoja akasema alisikia tumbo la mwenzake likinguruma. Kwa dakika nzima watoto 94 walikuwa mahali pamoja na mimi, na hakuna aliyeamrishwa kunyamaza.

Pumzi ilifuata baada ya wiki mbili. Ninawaambia wakusanye viganja kama walioshika kikombe cha uji wa moto: wanusa kwa pua kwa hesabu ya tatu, kisha wanapoza kwa mdomo kwa hesabu ya tano, wakipuliza pole pole ili uji usimwagike. Mara tano au sita zinatosha, na zote hazifiki dakika moja. Macho yanabaki wazi, yakitazama viganja, na asiyetaka analaza kichwa kwenye dawati au anatazama nje bila kuulizwa. Sizuii pumzi tena katikati. Mtoto anayetaka kufanya peke yake namfundisha kupitisha kidole cha mkono mmoja juu ya vidole vya mkono mwingine, akivuta anapopanda kidole na kutoa anaposhuka, mpaka vidole vitano viishe. Tunafanya hivi baada ya mapumziko na kabla ya jaribio, siku zote za shule, watoto wakiwa wazima na wametulia. Mtoto aliyekwisha kupandwa na hofu hawezi kulijifunza zoezi hili kwa mara ya kwanza.

Mwanafunzi wangu wa rede sasa anajibu. Hapati zote, na siwezi kusema ni pumzi peke yake iliyomsaidia, kwa kuwa fimbo iliondoka wakati huohuo na nilianza kuwapa dakika tano zaidi katika kila jaribio.

Ninasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu ushahidi wa nchi nyingine hauruhusu kujigamba. Nchini Uingereza ulifanyika utafiti mkubwa uitwao MYRIAD, uliohusisha shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000 wa umri wa miaka 11 hadi 14, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Shule zilizofundisha masomo ya uzingativu zililinganishwa na zile zilizoendelea na malezi yao ya kawaida, na baada ya mwaka hakukuonekana faida ya ziada katika afya ya akili ya watoto. Wengi wao hawakufanya mazoezi nyumbani, na kwa waliokuwa tayari na matatizo zilikuwapo dalili kwamba masomo hayo huenda hayakuwafaa. Walioonekana kunufaika ni walimu, ambao uchovu wao wa kazi ulipungua. Mimi sikushangaa. Mwalimu aliyetulia hubadilisha darasa hata asipofundisha zoezi lolote, na somo la utulivu linalotolewa kama somo jingine la ratiba hupita kama masomo mengine yanavyopita.

Karibuni kwa maswali na kwa masahihisho.

Mzazi wa Kijichi:

Mwalimu, pole na kazi, na ahsante kwa kusema kosa lako waziwazi. Mimi nina hofu ya imani. Mwanangu akiambiwa atulize akili na afuate pumzi, nitajuaje kwamba hafundishwi ibada ya watu wengine bila mimi kuwa na habari? Mtaani kwetu wapo wazazi walioshaanza kulisema hili, Waislamu na Wakristo.

Mwalimu wa Zamu:

Swali lako ni la haki, ndugu mzazi, na halifai kujibiwa kwa kukupuuza. Asili ya uzingativu wa kisasa ni hii: Jon Kabat-Zinn alianzisha programu ya kupunguza msongo wa mawazo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani mwaka 1979, na aliichota katika tafakuri ya Kibudha, akaiondolea ibada ili itumike hospitalini. Hofu kama yako imewahi hata kufika mahakamani. Mjini Encinitas, jimbo la California, wazazi walipinga masomo ya yoga shuleni. Mwaka 2013 hakimu aliamua kwamba masomo hayo, kwa jinsi yalivyokuwa yakitolewa, hayakuwa kufundisha dini, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye.

Lakini mzazi wa Kijichi hatulizwi na hukumu ya California, kwa hiyo nakueleza nifanyavyo. Sina neno lolote la kigeni ninalowatamkisha, sina mkao maalumu, sina picha ukutani, na simwambii mtoto aondoe mawazo yote kichwani. Niliwaeleza wazazi katika kikao cha mwanzo wa mwaka, nikawafanyisha zoezi la uji pale pale kwenye viti. Mzee mmoja anayefundisha katika chuo cha Kurani akasimama akasema kwamba mtoto anayejifunza tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, hufundishwa mahali pa kusimama na mahali pa kuchukua pumzi ili aya isikatike ovyo, na mama mmoja wa kwaya akasema nao hugawa pumzi vivyo hivyo. Mzazi ambaye bado hakuridhika alinieleza, na mtoto wake hutazama nje wakati huo. Nakushauri uombe kuhudhuria siku moja. Mwalimu asiyetaka mzazi aone anachofanya ana la kueleza.

Muuguzi Mstaafu:

Mwalimu mwanangu, nimesoma yote, na naongeza machache ya upande wa afya. Mtoto akivuta pumzi nyingi nzito kwa haraka hupunguza hewa ya kaboni dioksaidi katika damu, akahisi kizunguzungu na ganzi midomoni na kwenye vidole, kisha akaogopa zaidi. Akikwambia anahisi hivyo, mwachie apumue kawaida, zoezi liishe. Pia umefanya vizuri kuacha kuzuia pumzi, kwa sababu katika watoto 94 wamo wenye pumu na wamo wenye selimundu, na wengine hawajawahi kupimwa. Mtoto aliyebanwa na pumu anahitaji dawa yake ya kuvuta na kupelekwa kituo cha afya, asiambiwe apoze uji. Na jambo la mwisho: ukimwona mtoto anatetemeka au analia kila mnapokaa kimya, huenda kimya kinamrudisha kwenye jambo alilotendewa. Huyo usimlazimishe, na usimhoji mbele ya wenzake.

Mwalimu wa Zamu:

Shikamoo mama, na ahsante sana. Hilo la mwisho limenitokea mara moja. Nilimpeleka kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, na ikabainika kwamba nyumbani palikuwa na jambo lililohitaji ustawi wa jamii. Sitaeleza zaidi kwa ajili ya kumlinda mtoto. Orodha ya wenye pumu sasa ninayo, nimeibandika ndani ya jalada la daftari la mahudhurio.

Mwalimu wa Pwani ya Kenya:

Mwalimu mwenzangu, kwetu Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na ninataka kukutahadharisha kwamba fimbo ikiondoka hofu huweza kubaki ndani ya ulimi. Nimekaa na walimu ambao hawajagusa mtoto miaka kumi, lakini mtoto akikosea hutajiwa mama yake, sare yake iliyochanika na karo ambayo haijalipwa. Darasa la mwalimu huyo linahema juu juu vilevile. Mimi zoezi hili nalifanya mwenyewe mlangoni kabla sijaingia, mara tatu, hasa nikiwa nimetoka kwenye kikao kibaya.

Kijana wa Mbagala:

Mwalimu, naomba radhi nikisema kwa ukali. Mimi nilisoma shule ya aina hiyo. Nilikuwa natoka nyumbani bila kifungua kinywa, na mpaka saa nane mchana nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Ungeniambia ninuse uji ambao haupo, ningekuchukia. Utulivu gani unamfundisha mtoto mwenye njaa? Mpe chakula.

Mwalimu wa Zamu:

Huna haja ya kuomba radhi, mdogo wangu. Uko sahihi, na ulichokieleza kilinitokea. Shuleni kwetu uji unapikwa kwa michango ya wazazi, na kulikuwa na kipindi ambacho watoto wasiochangiwa walikuwa hawapewi. Nilipofundisha zoezi hili, msichana mmoja alifungua viganja vyake, akaviweka chini ya dawati, akainamisha kichwa. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa hajapata uji tangu Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nililipeleka jambo hilo katika kamati ya shule, tukabishana vikao viwili, na mwishowe ikakubalika kwamba sufuria ni moja na kila mtoto anakunywa, deni la mchango likadaiwe kwa mzazi. Hatukumaliza njaa, kwa maana unga huisha kabla ya mwisho wa mwezi. Siku za namna hiyo ninatumia kidole tu au mlio wa ringi, na vipindi vizito vya Hisabati tumevisogeza asubuhi.

Sikubali lakini kwamba mtoto mwenye njaa asifundishwe kutulia mpaka ashibe kwanza. Yeye ana hofu mbili kwa mpigo, na mwenye nafasi ya kumpunguzia moja asisubiri mwenye nafasi ya ile nyingine. Ninachokataa pamoja nawe ni shule kutumia pumzi ili mtoto azoee kukosa chakula akiwa kimya.

Mwalimu wa Darasa la Saba:

Habari za kazi, mwalimu. Wanafunzi wangu wanafanya mtihani wa taifa Septemba, na wasimamizi hutoka shule nyingine, kwa hiyo mimi sitakuwamo chumbani. Mwaka jana mmoja wa wanafunzi wangu bora alitapika mlangoni asubuhi ya siku ya kwanza. Nifanye nini, na nianze lini? Madawati yetu wanakaa wanne, na siku ya mtihani kila mmoja anakaa peke yake, jambo ambalo nalo linawatisha.

Mwalimu wa Zamu:

Nzuri, mwalimu. Kwa kuwa hutakuwamo, wafundishe zoezi la vidole na si la uji, kwa sababu linafanyika bila hesabu ya mtu mwingine na halionekani. Mkono mmoja unakaa pajani chini ya meza, kidole cha mkono wa pili kinapanda na kushuka, na msimamizi hana sababu ya kushuku. Wafanye hivyo wanaposubiri karatasi zigawiwe, na tena pale wanapokutana na swali la kwanza wasilolijua, kisha waliruke na kuendelea na jingine.

Hilo la kukaa peke yao lifanyie kazi mapema. Mara moja kwa wiki watawanye, hata kama itabidi uwatoe kwa makundi chini ya mti au uombe darasa la jirani, wapate kuzoea kutokuwa na bega la mwenzao pembeni. Mtoto aliyetapika huenda hakuwa mgonjwa; tumbo nalo husimamisha kazi yake mwili unapojiandaa kukimbia, kwa hiyo siku hiyo ale kitu chepesi na mapema, na asisimamishwe mstarini kusikiliza hotuba ndefu za kukumbushwa jinsi shule inavyomtegemea. Hotuba hizo tunazipenda sisi walimu, na zinawavunja wao.

Bado una wiki kadhaa. Anza Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza, dakika mbili tu, na usiwaambie kwamba ni kwa ajili ya mtihani.